Riviu: hadubini ya kubana kwenye simu, nimeitumia kwa konyeza (wale wanyama wa baharini laini kama jeli) na haya ndo nimeona

Kwa wenye haraka jibu ni hili: nunua, lakini usiinunue kwa ile sababu iliyoandikwa kwenye boksi. Boksi limeandikwa utaona bakteria. Huwaoni, hata ufumbe jicho moja na uombe dua. Utaona mambo mengine, na kwa maoni yangu hayo mengine ndo yenye thamani ya pesa, ila bakteria wenyewe ntawazungumzia pia manake ndo walonitoa nyumbani nkaenda kununua, na nimesoma habari zao mpaka usiku wa manane.

Mimi napeleka wageni kuogelea na kutazama samaki, upande wa Nyali kwenda Bamburi, ndani ya hifadhi ya bahari ya Mombasa, hii iliyoko tangu 1986. Mgeni akishavaa miwani ya maji swali lake la kwanza sio papa, papa wamemzoea kwenye tivii, swali ni konyeza. Huyu auma? Yule je? Mbona nawashwa na sijaona kitu? Zamani wenzangu na mimi tulikuwa twajibu kwa ujuzi wa wazee, huyu hana neno, yule mkimbie, yakaisha. Lakini wageni wa siku hizi wamesoma bana, mtu akuuliza huo ute wake una bakteria gani na nikiugusa ntapata ugonjwa? Sasa hapo utamjibu nini, utamwambia "karibu tena Mombasa"?

Duka ni la vifaa vya simu, yale madogo yaliyobanana mjini, jina silitaji. Bei alianza 2,500. Nkamwambia hii ni lenzi na kitaa tu. Akanambia, "Ndugu yangu, hii yakuza mara mia mbili, waona mpaka bakteria wa maji ya mfereji." Tukavutana pale, akaapa, nkageuka kuondoka, akaniita, 1,500 ikawa halali yangu. Ndani ya boksi muna lenzi yenyewe, klipu ya kubana kwenye simu, kitaa cha duara kinachozunguka lenzi, na kitambaa cha kufutia. Yaingia mfuko wa shati.

Kutumia ni hivi: watoa kava la simu, wabana lenzi juu ya kamera, wawasha kitaa, wasogeza simu mpaka karibu iguse kile kitu. Karibu kweli, milimita chache. Na hapo ndo tabu ya kwanza kwa mtu wa baharini kama mimi, manake kitu changu kimo ndani ya maji ya chumvi na simu yangu sikuiokota. Ukitetemeka kidogo picha yapotea. Ukijaribu kwenye boti usahau, hata siku ya maji mafu bahari imelala kama hivi, boti yapumua tu na kila kitu chakimbia kwenye skrini. Hii ni ya nchi kavu, juu ya meza, mtu ametulia na chai yake mbali.

Tabu ya pili ni hicho kitaa. Chamulika kutoka juu. Kwa kitambaa, noti, jani, ngozi yako, safi kabisa. Kwa konyeza, ambaye zaidi ya asilimia 90 ya mwili wake ni maji, taa yarudi usoni pako na huoni ila mng'ao. Dawa nliyoipata ni kuzima kitaa chenyewe, kumweka konyeza kwenye mfuniko wa plastiki unaopitisha mwanga na kuweka simu nyengine chini yake, skrini nyeupe mwanga wote. Hapo mambo yabadilika. Ukitaka kifaa kilichofikiria jambo hilo tangu mwanzo, iko Foldscope, ile hadubini ya karatasi ya kukunja waloibuni Manu Prakash na Jim Cybulski pale Stanford na kuitangaza 2014. Ile yakuza mara 140 hivi, na mwanga wapita katikati ya sampuli, kwa hivo kwa vitu vya kioo kioo ndo mpango wake. Lakini hapa mjini sijaiona dukani.

Haya, sasa uhondo.

Asubuhi ya kaskazi, maji yametulia na yaonyesha mpaka chini, wapita wale vijinyama wa ktenofora. Wengi wanawaita konyeza tu lakini hawa ni ukoo wao mbali, hawana sumu ya kuchoma, wao hunasa chakula kwa chembe zenye gundi. Huwezi kumshika na wavu, atachanika vipande mkononi mwako. Mchote na gilasi pamoja na maji yake, polepole. Kwa jicho tupu waona kitu kama hakipo, halafu mistari ya rangi za upinde wa mvua yakimbia ubavuni. Mistari ni minane, hesabu kila mmoja, minane. Ukimweka chini ya hii lenzi ndo waelewa: kila mstari ni safu ya vibao vidogo, na kila kibao ni vinyweleo maelfu vilivyoshikana, vikipiga kwa zamu kama kope zinazopokezana kupepesa. Wimbi laanzia upande wa pili wa mdomo laja mpaka mdomoni, na yeye aenda mbele mdomo ukitangulia. Hakuna mnyama mkubwa kuliko hawa anayeogelea kwa vinyweleo. Zile rangi si taa, ni mwanga wa jua au wa simu yako wavunjika ukigonga vile vibao. Nimerikodi video, nawaonyesha wageni kabla hatujaondoka bichi, na mama mmoja wa kutoka bara aliyekuwa amekataa katakata kuingia majini aliitazama akasema huyu nataka nimuone mwenyewe. Kwa video hio peke yake 1,500 imerudi.

Na kwa kuwa niko hapo kwenye mwanga, wageni wakienda boti za usiku wakaona maji yakimetameta hukimbilia kusema ni bakteria. Kwa ktenofora na konyeza wanaowaka, ule mwanga ni wao wenyewe, wautengeneza mwilini kwa protini zao. Mjapani Osamu Shimomura ndo aliyetoa protini hio kwa konyeza wa Pasifiki anayeitwa Aequorea victoria, 1962, na ile protini nyengine ya kijani iliyokuwa pamoja nayo ikampatia Nobel ya kemia 2008 na wenzake wawili. Bakteria wa kuwaka wako kweli baharini, na kuna ngisi wanaowafuga mwilini, lakini hio ni hesabu nyengine.

Konyeza wenyewe, wa kuchoma, nlichukua kipande cha mnyiri, ule mkono wake mrefu wa kuchomea, kwa koleo ya nyusi, gilavu mkononi. Usidharau kipande kwa kuwa kimekatika, konyeza aliyekufa na kukaushwa na jua bichi bado auma. Chini ya lenzi mnyiri una vinundu vinundu vimepangana, kila kinundu kimejaa vifuko vidogo sana vya sumu. Kifuko kimoja kimoja chaonekana kwa tabu, ni nukta tu. Nkadondosha tone moja la maji ya mfereji pembeni. Mnyiri ukajikunja pale pale na ukingoni pakatokea nyuzi nyuzi nyembamba ambazo sekunde ile nyengine hazikuwepo. Ule ndo mshale wa sumu, wafyatuka kutoka kwenye vile vifuko. Kwa haidra, ndugu yao wa maji baridi, wataalamu waliupima 2006 wakakuta wafyatuka kwa nanosekunde 700, yaani sekunde moja uigawe mara milioni kisha uchukue hata hako kadogo usikamalize. Simu yangu haiwezi kukamata hilo, simu ya nani itaweza.

Kwa hio tone moja sasa naweza kumwonyesha mtu kwa nini simruhusu kumwagia chupa ya maji ya kunywa kwenye jeraha. Suuza kwa maji ya bahari, toa minyiri kwa koleo, halafu maji moto, nyuzi 45 hivi, yale unayoweza kuyavumilia bila kuungua, dakika ishirini au zaidi. Siki ni kwa wale wa umbo la sanduku, kwa wengine wataalamu bado wavutana. Mkojo hapana. Mchanga wa kusugua hapana. Nasema kwa sauti manake kuna ami mmoja mvuvi, namheshimu sana, kila akiona mgeni ameumwa huja mbio na mchanga mkononi. Nlimwonyesha ile video. Akatazama, akatazama tena, akanambia, "Mwanangu, mimi ngozi yangu ishakuwa gamba, mchanga wanifaa. Wao wafanyie hayo yako." Tukaachana hapo.

Sasa bakteria. Kwa nini huwaoni? Bakteria wengi ni mikroni moja au mbili hivi, na mikroni ni milimita igawe mara elfu. Hii lenzi, hata tuamini hio mia mbili, yatenganisha vitu vya mikroni kadhaa tu kwa hali nzuri, tena bakteria wenyewe hawana rangi na wamelala ndani ya ute usio na rangi. Wataka hadubini ya maabara, mara 400 kwenda 1,000, na rangi ya kuwapaka. Mtu ataniambia Leeuwenhoek wa Uholanzi aliwaona 1676 kwa lenzi moja tu, kweli, lakini yule alisaga lenzi zake mwenyewe na moja iliyobaki mpaka leo yakuza mara 260 na ushee, na hakuwa akinunua na betri ndani. Na hata ukiwaona, utaona vijiti na vidonge. Huwezi kujua yupi ni yupi kwa sura. Ndo maana watafiti hawawatazami tu, wanachukua kipande cha konyeza, wanatoa DNA yote iliyomo na kusoma jeni moja ambayo kila bakteria anayo, halafu wajua nani yumo.

Na walichokuta ndo kilichonikosesha usingizi. Mimi nlidhani bakteria wa konyeza ni wale wale wa baharini, si yuaelea ndani yake, maji yapita huku yatokea huku? Kumbe sivyo. Kule Tampa Bay, Florida, kazi iliyotoka 2012, walichukua ktenofora wawili, Mnemiopsis leidyi na Beroe ovata anayemla huyo Mnemiopsis, wakalinganisha na maji waliyotolewa. Bakteria wa mwilini wako mbali na wa majini, aina zao ni chache, na kila ktenofora ana wake. Hebu fikiria, mmoja amla mwengine kila siku, lakini wapangaji hawafanani! Tena wabadilika kadiri miezi ikienda, hawakupata aina hata moja iliyokuwepo kila walipopima. Baadaye kidogo, 2015, Wajerumani nao wakapima ktenofora wa jenasi nne kutoka bahari ya Kaskazini kule kwao, hadithi ikaja ile ile, kila mmoja na kundi lake.

Kwa konyeza wa kuchoma, aliyesomwa sana ni Aurelia aurita, yule mviringo mwenye duara nne katikati. Watafiti wa Kiel, Ujerumani, waliona anabadilisha bakteria kadiri anavyokua. Konyeza akiwa mtoto huwa amejibandika kwenye mwamba au nguzo, mdogo sana, halafu hujikata vipande kama sahani na kila sahani huogelea ikawa konyeza. Aliyejibandika ana bakteria wake na anayeelea ana wake. Na 2020 hao hao wa Kiel wakatoa jengine: wale wadogo waliobandikwa wakisafishwa bakteria wote kwa antibayotiki, uzazi waharibika, sahani zinazotoka ni chache. Kwa hivo wale bakteria wa kwenye ute ambao mgeni awaogopa, konyeza mwenyewe awahitaji ili apate watoto.

Lakini sio wote ni wapangaji wema, na hapa namjibu yule wa swali la ugonjwa. Kuna bakteria aitwa Tenacibaculum maritimum, huozesha mashavu na ngozi ya samaki wa kufugwa, na amepatikana kwenye konyeza Pelagia noctiluca. Konyeza huyo ndo yule aliyevamia vizimba vya samoni Ireland ya Kaskazini Novemba 2007 wakafa samaki zaidi ya laki moja. Kule sumu yenyewe ilitosha kuua, lakini wataalamu waona konyeza aweza kumchoma samaki shavu na hapo hapo akamwachia bakteria kwenye kidonda. Wenzetu wanaofuga mwatiko kwenye madimbwi ya mikokoni wana sababu ya kutega sikio kuhusu maji wanayoyaingiza, hata kama samaki ni mwengine na konyeza ni mwengine. Kwa binadamu, wasiwasi wangu sio bakteria wa konyeza hasa, ni kidonda wazi ndani ya bahari ya joto, manake kina Vibrio, bakteria wengine wa baharini, wapenda maji ya joto na baadhi yao si wa kuchezea. Mgeni akiumwa na ngozi ikapasuka, namwambia aoshe vizuri akifika hotelini, na ikivimba kesho yake akaonane na daktari, asinipigie mimi simu.

Na kuwashwa bila kuona kitu, majibu ni mengi, mara nyengine ni vipande vya minyiri vilivyokatwa na mawimbi, hasa kusi ikichafuka. Lakini kuna jamaa mmoja, Cassiopea, konyeza wa kulala chali kwenye maji mafupi yaliyotulia karibu na mikoko. Huyu hakugusi. Atoa ute, na 2020 watafiti walionyesha ndani ya ute mna vijidonge vinavyoogelea vyenyewe vikiwa vimejaa vifuko vya sumu. Yaani umeogelea juu yake tu, mita nzima, na unawashwa. Nataka sana kuvitazama vijidonge hivyo kwa hii lenzi, vina ukubwa unaofaa, lakini bado sijampata mwenyewe.

Jambo la mwisho la bakteria, halafu nirudi kwenye kifaa. Konyeza wakijaa mahali, wavuvi huona nyavu nzito na samaki hakuna, na sababu moja imo humu humu. Kazi moja ya 2011 ya ghuba ya Chesapeake, Marekani, ilionyesha konyeza na ktenofora humwaga ute mwingi majini, bakteria wauvamia upesi, ila wao hupumua sehemu kubwa ikawa hewa ya kaboni badala ya kunenepa wakaliwa na vijidudu, na vijidudu na dagaa. Chakula chaishia hapo hapo. Huyo Mnemiopsis aliingia bahari Nyeusi miaka ya 1980 na maji ya matangi ya meli, uvuvi wa dagaa ukaanguka, na afueni ikaja baadaye alipofika Beroe akaanza kumla. Kilindini meli zaingia kila siku na maji yake matangini, basi mimi natazama tu.

Haya, kifaa. Chumvi ndo adui. Klipu ina springi ya chuma na ishaanza kutu, na nimeifuta kila mara. Lenzi ikirushiwa tone la maji ya bahari ifute kwanza kwa kitambaa chenye maji baridi, ukisugua chumvi kavu utaikwaruza. Chaji yadumu vizuri, hilo sina neno, ila mimi taa yake siitumii sana kama nilivyosema. Simu yenye kamera tatu itakusumbua kujua ni kamera ipi inayofanya kazi, za kamera moja au mbili ni rahisi zaidi. Watoto wataipenda kuliko wewe, wangu wameshapiga picha za sukari, chumvi, nywele za nyanya yao, na sisimizi aliyekuwa na bahati mbaya.

Mwalimu wa sayansi mwenye darasa la watoto arobaini na bajeti ya chaki, nunua. Mtu wa boti kama mimi, nunua. Anayetaka kupima maji ya kisima kama ni salama, tafadhali usinunue, kisima chako chaweza kuonekana kisafi kabisa kwenye skrini na bado kikakulaza hospitali, peleka maji maabara. Nyota nne kwa tano, ile moja nimeikata kwa ajili ya maandishi ya boksi.

Ukienda dukani ijaribu kwenye simu yako hapo hapo kabla hujatoa pesa, klipu nyengine hazifiki kwa simu nene, na uliza waya wa chaji uko wapi, manake wangu haukuwemo na nliporudi muuzaji akanambia huo ni 200 mbali.